Tabita wa Tiki Mbili

Jumapili, 3 Mei 2015

Leo kanisani nimekaa benchi la mbele kabisa. Nani wa kunizuia? Mama yake Tabita ni mimi.

Ibada ilipokwisha vijana wa kwaya wakanizunguka nje. Mmoja ni mgeni, ametoka Vwawa. Wakamwambia, huyu ndiye mama yake Tabi wa Tiki Mbili. Akashika kichwa! Mama, kweli? Akaomba tupige picha. Nikasema subiri kwanza nivue sweta, maana kitenge kipya kilikuwa chini ya sweta.

Mwanangu! Nimemzaa Mbozi Mission, mvua inanyesha, mkunga kachelewa. Leo anaangaliwa Dar, anaangaliwa Lusaka. Anaigiza dereva wa lori aliyekwama foleni ya mpakani, anaigiza mke wa dereva anayepiga simu kila mara, anaigiza muuza mchele mwenye maneno mengi. Huyo wa mchele wanasema ni mimi. Na awe mimi! Wote ni yeye, anabadilisha kilemba tu. Mumewe Hezron anashika kamera, ile waliyoinunua Nakonde, upande wa Zambia. Halafu wanaingiza Yutubu.

Na kila klipu inaisha hivyo hivyo. Anasogea karibu na kamera, anasema, "Maoni yenu nitumieni kwa tiki mbili!" Hapo watu hoi. Tiki mbili maana yake Watsapu. Sasa hata makonda stendi wanasema tiki mbili. Wazambia wakija kununua mchele wangu wa Kamsamba wanasema Bamayo, yaani mama, nitumie bei kwa tiki mbili.

Siti, jirani yangu sokoni, muuza vitenge, mtu wa Kondoa, kaniuliza jana: "Mama Tabita, hilo neno mwanao kalitoa wapi? Ana akili huyo!"

Nikacheka. Nikasema ni siri ya familia. Lakini ulimi uliniwasha.

Jumanne, 12 Mei

Siri yenyewe ni hii.

Hezron ni Mndali, kwao Ikinga, Ileje. Kwao mkamwana na baba mkwe hawaonani uso. Mzee akija njia hii, mkamwana anaingia kwenye majani, anageuka mpaka mzee apite. Na jina la mzee halitamki. Siyo jina tu — hata neno lingine likifanana nalo, analiruka, anatafuta jingine. Sisi Wanyiha tunayo mila hiyo pia, ila wengi tumelegea. Wandali hawajalegea.

Nilipokuwa msichana tulikuwa na jirani, mama mmoja wa kutoka Ileje, mkwewe aliitwa Jumanne. Basi yule mama wiki yake ilikuwa Jumatatu, kesho ya Jumatatu, Jumatano! Na leo ni Jumanne. Marehemu angeandikaje tarehe hapo juu?

Sasa baba yake Hezron anaitwa Watson. Mzee Watson. Haikuwa shida. Nani anamtaja Watson akinunua nyanya? Mpaka ikaja hiyo Watsapu. Tabita akakwama! Wats, Wats — ni lile lile jina la mkwe. Akawa anasema "ile ya tiki mbili". Ilianzia jikoni kwake, mtaa wa Sogea hapa Tunduma, ikaingia kwenye video bila yeye kupanga, watu wakaipenda. Ndiyo hivyo. Nchi nzima inacheka, haijui inachekea heshima.

Leo nimemwambia, mwanangu, huko Yutubu mkweo hayupo, hata simu ya maana hana. Ukitaja nani atakusema?

Alikuwa anachambua maharage. Kasema, "Mama, jina halichungulii kwanza nani yupo."

Hezron alikuwa anafuta kioo cha kamera. Aliendelea kufuta. Lakini nilimwona alivyomtazama mkewe. Nami nilitazamwa hivyo zamani, kwa muda mfupi.

Ijumaa, 29 Mei

Filamu! Mwanangu anatengeneza filamu! Siyo klipu ya kuchekesha, filamu nzima, yenye watu wa kulia. Inahusu mke wa dereva aliyeondoka na lori asirudi. Ameandika mwenyewe. Kuna mtu Dar ameona video zake, anaisubiri, ataionyesha huko kwenye ukumbi wenye viti vya kukunja.

Shida ilikuwa mahali pa kupigia picha. Tabita anataka mji wa kijijini, yaani boma la mtu, wenye migomba, ukungu asubuhi, nyumba ya tofali za kuchoma. Mji anaoutaka ni wa mkwewe Ikinga! Atapitaje pale na kamera kutwa nzima, mzee yupo?

Hezron akaenda kumwomba baba yake. Nilikuwa na wasiwasi. Mzee anamwita mwanangu "yule mtu wa kamera".

Karudi leo anacheka. Mzee kasema, chukueni mji. Siku za kazi yeye atahamia kwa mdogo wake, Mzee Osea, ng'ambo ya kijito, ili mkamwana awe huru. Na kasema, nimesikia anavyonikwepa huko kwenye simu, mbele ya watu wote hao. Basi na mimi nitamkwepa.

Nimelia. Mwanaume gani anahama kwake kwa ajili ya mkamwana? Nani ana mkwe kama huyo? Nimemwambia Siti. Nimemwambia na muuza dagaa. Sikutaja sababu lakini.

Wanaanza katikati ya Julai, mahindi yakishavunwa.

Alhamisi, 18 Juni

Redio wamekuja sokoni! Wamekuja kwangu! Kijana mmoja mtangazaji, mrefu, ana kinasa sauti chenye sponji. Wanafanya kipindi cha vijana wanaong'ara wa mpakani. Tabita yuko Mbeya anatafuta waigizaji, basi wakasema tumuulize mama.

Nikafunga kilemba upya. Siti akanikopesha hereni. Redio, na mimi navaa hereni!

Nimesema vizuri sana. Nimesema alivyokuwa mdogo, alivyokuwa anaiga wainjilisti mpaka baba yake akamchapa. Nimesema filamu inakuja. Kijana akasema ahsante mama, imetosha. Akawa anakunja waya.

Ikawa kama sijashiba. Nikamwambia ngoja, hujaniuliza kuhusu tiki mbili. Akakunjua waya tena.

Nikaeleza yote. Nikasema watu wanadhani ni utani, siyo utani, ni adabu! Mwanangu ni maarufu lakini ana adabu. Hatamki Watsapu kwa sababu baba mkwe wake, kule Ikinga, anaitwa Watson. Nikasema na jina la pili. Yule kijana macho yakamtoka. Akasema mama, hii ni kali.

Jumamosi kitarushwa.

Jumamosi, 20 Juni

Kimerushwa saa nne asubuhi. Soko zima kimya, redio ya Siti juu ya meza. Sauti yangu! Nilikuwa kama mama mchungaji.

Walipofika pale kwenye Watson wakacheka mpaka muuza dagaa akaketi chini. Nikasema cheka tu, ndiyo adabu hiyo.

Nimempigia Tabita, hakupokea. Yuko kazini.

Jumatatu, 22 Juni

Siti kanionyesha kitu kwenye simu, kanionyesha polepole kama mtu anayetoa habari za msiba.

Vijana wa hapa hapa Tunduma. Wamemvalisha mwenzao koti kuukuu na ndevu za pamba, wanamwita Baba Watsapu. Anatembea na mkongojo. Wasichana wanapiga kelele, "Baba mkwe yuko online! Jificheni!" Wanatumbukia kichakani. Anachungulia, anasema, "Nimewaona, tiki zimekuwa bluu!"

Nilicheka. Nitaandika ukweli, kwanza nilicheka. Halafu nikamrudishia Siti simu kabla haijaisha.

Siti anasema zipo nyingi. Moja imetoka mpaka Dodoma.

Jumatano, 24 Juni

Hezron amekuja sokoni. Hakuketi. Kaniamkia, shikamoo mama, sauti ya chini, heshima ile ile. Afadhali angenitukana.

Amesema kule Ikinga watoto wa shule wanamfuata baba yake njiani. Wanamwimbia, "Online! Online!" Mzee alikuwa anakwenda kwenye kikao cha kahawa akarudi nyumbani. Tangu Jumapili hajatoka nje ya ua.

Nikaanza kusema mimi nilitaka kumsifu mwanangu —

Akasema, "Najua, mama. Lakini lile jina lilikuwa letu."

Akaondoka. Mteja alikuwa anasubiri kilo mbili. Nimempimia tatu, sikujua.

Ijumaa, 26 Juni

Tabita amekuja. Nilikuwa napepeta. Akachukua ungo wa pili, akapepeta na mimi. Nilimfundisha mwenyewe kupepeta, mkono wake ni kama wangu.

Nikasema mwanangu, nilitaka wajue ulivyo na adabu.

Akasema, "Watu wote wale, mama, mwaka mzima, hakuna aliyeniuliza. Na wewe hukuulizwa. Hukuulizwa, ukajibu."

Akaweka ungo chini. Mchele ulikuwa safi kabisa, bila hata chuya moja.

Kasema waigizaji wanasubiri siku ya kuanza na yeye hajui aseme nini. Atampaje mzee salamu? Kupitia kwa mume? Mume analala uso ukutani.

Nikamwambia nitakwenda Ikinga mwenyewe. Mimi ndiye nimeharibu, nitakwenda kupiga magoti. Akanitazama. Akasema, "Mama, ukienda, usiseme sana."

Jumapili, 28 Juni

Kanisani sikwenda. Nimetoka alfajiri na gari la abiria, Noah, mpaka Isongole, halafu pikipiki. Baridi ya Ileje hiyo! Nilibeba mchele wa Kamsamba, ule wenye harufu, na blanketi jipya la mzee.

Mzee Watson alikuwa kwenye kigoda uani, anachonga mpini wa jembe. Nilipiga magoti palepale kwenye ubaridi. Nikasema mkwe wangu, ulimi wangu ndio umekukosea, mtoto hana kosa. Nilisema hivyo tu. Nilikumbuka kutosema sana.

Hakujibu. Alichonga. Maganda ya mti yalikuwa yanadondoka karibu na magoti yangu.

Aliyejibu ni mdogo wake, Mzee Osea. Huyo ana maneno! Kasema ukoo umekuwa kichekesho. Kasema miji ya watu siyo jukwaa. Kasema mkamwana arudi kwa mama yake kwanza, hizo video azifute, kamera iwekwe, ndipo wakae kikao waone kama kuna ndoa. Nikamgeukia mzee nimwone usoni. Akainua mpini, akautazama kama umenyooka, akaendelea.

Nilipoondoka katoto kalinikimbilia na mkungu wa ndizi. Kakasema babu kasema ukale njiani. Mkungu mzima! Nani anakula mkungu mzima njiani? Nimeuona kama zawadi ya kuagana, ya kusema usirudi tena.

Jumatatu, 29 Juni

Tabita alikuwa ananisubiri mlangoni. Wanasemaje, mama?

Nilikuwa nimechoka, magoti yanauma, mdomo umejaa uchungu wa Mzee Osea. Nikasema, wamekataa. Nikasema, mzee naye kakataa. Ndoa hawaitaki.

Hakulia. Kauliza, "Mzee mwenyewe? Kasema kwa mdomo wake?"

Nikasema ndiyo.

Alhamisi, 2 Julai

Tabita amehamia kwangu na begi moja na kamera. Hezron yuko Ikinga tangu jana, ameomba ruhusa kazini. Simu yake haipatikani, kule mtandao mpaka upande kilima. Tabita anasema ameitwa akatafutiwe mke mwingine.

Nimemwambia ale. Ndizi za Ikinga zimeanza kuiva, nyumba nzima inanukia. Hazigusi.

Jumapili, 5 Julai

Nimeshindwa kufuata mahubiri. Nimekaa nyuma.

Nawaza lile neno "ndiyo". Mzee hakusema hapana. Hakusema kitu! Mimi nimemjazia maneno. Kwa nini? Kwa sababu nilipiga magoti akanitazama kama kisiki, na sikutaka kurudi kumwambia mwanangu kwamba mama yake hakujibiwa. Afadhali kukataliwa kuliko kupuuzwa. Eti hapo pia nilitaka kuwa mtu mkubwa.

Nitamwambia leo.

Jumatatu, 6 Julai

Sijamwambia. Alikuwa amelala.

Jumatano, 8 Julai

Sijamwambia. Mtu wa Dar kapiga simu, Tabita kamwambia filamu imesimama. Sauti ilikuwa ya mtu anayefunga duka. Halafu kakaa na kamera mapajani kama mtoto mgonjwa.

Nimeanza, nikasema Tabita, kule Ikinga —

Akasema, "Mama, basi. Usinitajie huko."

Nikanyamaza! Mara hii ndiyo nikanyamaza! Siku ambayo ulimi ulikuwa na kazi!

Ijumaa, 10 Julai

Asubuhi Siti kaja anakimbia, kanga inaburuza. "Mama Tabita, mwanao ameweka mpya!"

Tukaangalia juu ya gunia la mchele. Karekodia chumbani kwangu, pazia langu la maua linaonekana. Hana kilemba, hana dereva, hana mke wa dereva. Ni Tabita tu. Anasema vichekesho vimepumzika. Anasema anahamia Dar, filamu ataipigia huko huko, kijiji watakijenga. Anashukuru watu wote. Halafu akasogea karibu na kamera kama siku zote. Wanawake wa soko wote wakafungua midomo wamsaidie, tiki —

Akasema, "Nitumieni kwa Watsapu."

Wazi kabisa. Hata hakuteleza.

Siti akasema, "Kha! Mbona leo kataja vizuri tu?" Wakacheka wengine. Wao wamesikia neno. Mimi nimesikia mlango ukifungwa. Mkamwana akilitamka jina kwa makusudi, mbele za watu, amejitoa mwenyewe. Hakuna kikao cha kuita tena.

Mteja wa Nakonde akasema Bamayo, huyu si ndiye mwanao? Mara ya kwanza tangu nimzae sikujua niseme nini.

Mchana, siku hiyo hiyo

Nimerudi nyumbani mapema. Tabita hayupo, kaenda stendi kukata tiketi ya kesho. Hajajua nimeona.

Nimewasha jiko. Hodi mlangoni.

Hezron!

Ametokea Ikinga moja kwa moja, vumbi mpaka kwenye kope. Na anacheka! Kaketi kwenye kochi, kavua kofia. Kasema mama, tumemaliza. Kasema baba alimwacha Mzee Osea aongee mpaka akaishiwa, wiki nzima, halafu jana jioni akasema neno moja. Kasema, wamenitukana watu wengi, watoto wamenitaja, redio imenitaja. Mtu mmoja tu ndiye hajanitaja mpaka leo, hata kwa hasira. Huyo ndiye mtoto wangu. Mji auchukue, apige picha zake.

Kasema mzee ametenga na ng'ombe, wa kumfungulia Tabita mwiko, ili siku moja waweze kuamkiana. Kwao hilo ni jambo kubwa.

Nikauliza, na mimi? Siku ile hakunijibu.

Akashangaa. "Mama, si alikupa mkungu? Kwetu mtu uliyemkasirikia humpi hata ndizi moja."

Nikageuka kuutazama ule mkungu.

Akauliza Tabita yuko wapi, nikasema anakuja. Akatoa simu, akaitikisa. Kasema njiani, kituo cha Mpemba, vijana walikuwa wanapiga kelele Tabi ameweka mpya, Tabi ameweka mpya. Bando lake limeisha, hajaiona.

"Anasemaje humo, mama?"

Ameniuliza. Mimi, ambaye huwa siulizwi.

Nikasema ngoja nikuletee chai kwanza.

Niko huku jikoni, naandika juu ya kopo la unga. Namsikia anapiga mluzi sebuleni. Kauliza tena, mama, anasemaje? Nimejibu chai bado haijachemka.

Imechemka zamani. Nimeiongezea maji ya baridi.